Kaseti Isiyorudisha Salamu

Wakati wa vita, wageni waliokuja mjini kwetu Kamina kusaidia wakimbizi walitafuta mtu wa kuwatafsiria Kiingereza. Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, na msimamizi alikuwa redio mbili za kaseti: moja inauliza, nyingine inanasa majibu. Sisi tuliokuwa tukingoja zamu tuliona yote dirishani.

Mbele yangu aliingia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Kaseti ikamuuliza hali yake. Mama akapiga makofi taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa, akasema kwa Kiingereza safi kwamba ni mzima. Halafu akauliza: "Na wewe? Na nyumbani?" Akangoja. Kaseti ikarukia swali la pili. Mama akakunja mikono, hakufungua tena mdomo.

Alitoka amenuna. "Miye naiuliza habari ya kwabo, yeye iko anapita tu. Ile mashini haina na heshima."

Tulicheka mpaka benchi ikalia.

Jioni, tukiwa bado tunangoja matokeo, mkuu wa wale wageni, bibi mwenye miwani, alikaa barazani akasikiliza kaseti zetu. Ilipofika sauti ya mama, "Na wewe? Na nyumbani?", likafuata swali la pili tu. Bibi akavua miwani. Kisha akaijibu kaseti, polepole: nyumbani hawajambo, ila mama yake anasumbuliwa na miguu.

Kazi akapewa mama. Mimi nilijibu maswali yote, nikarudi nyumbani. Tangu siku ile hata redio yangu naiamkia kwanza ndipo naiwasha.