Vile nilijifunza kusoma radio ya mzee baada ya stroke kumfunga ulimi

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Niko Kitengela, nauza dawa za mifugo kwa agrovet. Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe na nitaiandika vile ilienda, bila chumvi. Najua kuna wataalamu wa radio humu ndani. Nikikosea mahali mnirekebishe.

Mzee wangu anaishi Kajiado town na mama. Alikuwa mwalimu wa physics, sasa amestaafu. Yeye ni ham, yaani ako na leseni ya kuongea na watu hewani kwa radio yake mwenyewe.

Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anaongea na rafiki yake, Mzee Hassan, mtu wa Garissa aliyefungua duka Rombo miaka mingi iliyopita. Stori za mvua, bei ya mbuzi, siasa kidogo. Sisi tumekua na hiyo sauti kwa nyumba.

Mwaka jana mzee akapata stroke.

Tunashukuru akili ilibaki sawa kabisa. Lakini mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekuwa akifundisha darasa zima bila kupaza sauti akaacha kuongea. Mzee Hassan akipiga simu, baba anaiangalia tu hadi inyamaze.

Mama ndiye aliniambia ni aibu. Hataki rafiki yake asikie hiyo sauti mpya.

Radio ilikuwa imehamishwa kona ingine ndio kitanda kitoshee. Siku moja nimeenda kuwaona, nikamwona baba ameketi mbele yake, ameiangalia tu. Nikamuuliza kama niiwashe. Akainua bega moja.

Nikawasha. Display ikajaa herufi, VFO, USB, ATT, kialama cha LOCK, na mshale wa mita ukapanda juu kabisa. Lakini sauti hakuna. Nikaongeza volume, bado kimya.

Baba akajaribu kunielekeza. Neno la kwanza sikulielewa, la pili pia. Akajaribu tena, akakasirika, akageuza uso akaangalia ukuta. Nikazima. Nilirudi Kitengela nikiwa na picha ya hiyo radio kwa simu na roho nzito.

Wiki hiyo nilidownload manual. Kazini customer akitoka tu, mimi niko kwa simu nalinganisha picha na maelezo. Mwanzo ilikuwa kama kusoma lugha ya watu wengine. Alafu polepole nikaona kila herufi inasema kitu rahisi sana.

ATT inamaanisha radio imejiziba masikio, signal ndogo hazipiti. Mtu aliigusa wakati wa kuhamisha.

RF GAIN nilikuwa nadhani ni volume ya pili. Sivyo. Volume ni AF. RF GAIN ni vile radio inatega sikio, na ukiishusha, mshale wa mita unapanda na husikii kitu. Ndio maana ile mita ilinidanganya.

LOCK ndiyo ilitusaidia. Ilikuwa imefunga ile knob kubwa ya katikati, so frequency yao ya Jumamosi ilibaki pale pale. Hiyo sikuigusa.

Jumamosi iliyofuata nilifika Kajiado mapema. Nikazima ATT, nikarudisha RF GAIN juu. Mara ile shhhh ya hewani ikajaa chumba. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Tukangoja. Alafu ikatokea sauti, lakini ya bata. Unajua ni mtu anaongea lakini hushiki neno hata moja. Nikakumbuka manual ilisema sauti hutumwa kwa njia mbili, LSB na USB, na kwa frequency za chini kama hiyo yao watu hutumia LSB, lakini display ilikuwa inasoma USB. Nikabonyeza mode.

Bata akageuka Mzee Hassan.

Alianza na “Supa” vile huwasalimia Wamaasai wa Rombo, akataja callsign ya baba, yaani jina lake la hewani. Akasema bado anaita, na hata asipojibiwa Jumamosi ijayo ataita tena. Mama akaketi kwa kitanda.

Nikampa baba mic. Akaisukuma na mkono wa kushoto. Sikumlazimisha, na mimi sina leseni ya kujibu. Nikawa nimekwama hapo, mtu anaita na sisi tunamsikia.

Nikaangalia tena zile mode. Kulikuwa na moja sijaitumia, CW. Hiyo ni Morse, dot na dash, haihitaji sauti ya mtu. Nikaweka kidole hapo nikamwangalia baba.

Alafu akaonyesha chini ya meza. Kulikuwa na kiboksi, na ndani yake kile kidude cha kugonga Morse. Nikachomeka nyuma palipoandikwa KEY, nikaweka CW.

Baba akaanza kugonga na kushoto. Polepole sana, kama mtu anajifunza kuandika upya. Tulisikia tii tii kwa spika yetu, lakini taa ya TX, ile ya kutuma, haikuwaka. Maana yake hakuna kitu ilikuwa inatoka nje.

Nilijua dakika yoyote Mzee Hassan atazima aende kufungua duka. Nikapekua manual hadi nikapata: bila BK-IN, unajigongea mwenyewe tu. Nikabonyeza. BK-IN ikatokea kwa display.

Nikamwambia, “Baba, gonga tena.”

Akagonga. TX ikawaka nyekundu.

Alipomaliza nikaongeza volume. Alafu kutoka Rombo zikaanza kuja tii taa, haraka haraka, alafu zikapunguza mwendo kama mtu amekumbuka kitu. Mimi sikuelewa hata moja. Nilikuwa nasoma uso wa baba tu.

Akacheka. Wakuu, hatukuwa tumesikia hicho kicheko tangu hospitali.

Nikamuuliza amesema nini. Akajipanga, akatoa neno moja moja, na nikayasikia yote.

“Amesema... mwandiko wangu... mbaya sana.”

Mama alilia na kucheka pamoja.

Si ati amepona. Mkono bado, na siku zingine ulimi unakataa kabisa. Lakini Jumamosi hakosi. Na majuzi simu ya Rombo ilipoita, aliishika mwenyewe.

Nilichojifunza: mgonjwa akinyamaza, usikimbilie kumwambia aongee. Tafuta njia nyingine ya kumfikia, hata kama ni kukaa chini usome vitufe ambavyo hujawahi kuvijali.

Mimi sasa nasomea mtihani wa leseni. Mzee ndiye mwalimu. Anaongea polepole na mimi naelewa polepole, so tunaenda mwendo mmoja.

Mwenye ameuguza mtu wa stroke, ni nini ilimfungua wako? Na ma-ham wa humu, kile kitufe cha RIT ni cha nini haswa? Baba amenieleza mara tatu na naogopa kumuuliza ya nne.