Mtumbwi Ulioanikwa Juani

Ukitoka Mshangano, ukapita mashamba ya mahindi na kuingia msitu wa hifadhi kwa njia ya malori ya mbao, unatelemka hadi kwenye bwawa ambalo watu wa Songea wanaliita Bwawani tu, kana kwamba dunia nzima haina bwawa jingine. Maji yake ni meusi kwa kivuli cha misindano. Upande wa matete kina hakizidi kiuno, na watoto huogelea humo wakipiga kelele. Upande wa ukuta unaozuia maji hakuna aliyewahi kugusa chini. Longino alizijua pande zote mbili, kwa sababu pale mwenye mtumbwi alikuwa yeye peke yake.

Alizaliwa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akapanda huku milimani akiwa kijana kuja kufanya kazi ya misitu. Misindano ile aliipanda yeye na wenzake ikiwa mifupi kama vidole. Miti ikarefuka, yeye akapinda. Ilipofika miaka ya ruksa na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Bwana miti alimwonea huruma. Akamruhusu achonge mtumbwi kwenye mti wa asili ulioangushwa na upepo, awe anawatembeza watu majini, ilimradi asiwashe mtu moto, asikate mtu kijiti, na asizame mtu.

Watu walikuwa wanakuja kweli. Zamani mtu wa Songea akienda msituni alifuata kuni, uyoga au asali, na ukimwona amekaa tu chini ya mti ungemuuliza kama anaumwa. Sasa walikuwa wamejifunza kutembea kwa ajili ya kutembea. Jumapili walifika wafanyabiashara wa mitumba na redio kaseti mabegani, wanakwaya na masufuria ya pilau, wanafunzi na makopo ya maandazi. Zaidi ya wote walifika maharusi, maana kamera za video zilikuwa zimeingia mjini na kila bibi harusi alitaka aonekane juu ya maji. Wote walimwambia neno moja, babu, tuzungushe kidogo. Kidogo hicho kilikuwa kutoka matete hadi ukutani na kurudi, na kila kikundi kilidhani ndicho cha kwanza kumwomba.

Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kulia kama bawaba ya mlango. Akifika nyumbani alikuwa analishika bakuli la uji kwa mkono wa kushoto. Tangu mwaka uliopita alikuwa anataka kuacha, na tangu mwaka uliopita hakuweza kusema. Atasemaje? Mke wake, Walburga, Mngoni wa palepale Mshangano, alikuwa anauonea fahari ule mtumbwi kuliko mwenyewe aliyeuchonga. Sokoni walimwita Mama Nahodha, naye alijifanya kukasirika huku akisimama wima zaidi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe maji aliyaogopa. Hata mtoni akifua, alifua akiwa amekaa kwenye jiwe la mbali. Bwawani alikuwa amefika mara chache, akaangalia, akarudi.

Kwa hiyo hakuwa anajua jinsi mumewe anavyoutunza mtumbwi wakati wa kiangazi. Longino, kama watu wote wa ziwani, akishamaliza kazi ya Jumapili aliujaza mawe na kuuzamisha kwenye maji mafupi, ulale humo wiki nzima. Jua la Oktoba likiukuta mti mkavu, linaupasua. Jumamosi anatoa mawe, anayachota maji kwa kopo, kazi inaendelea. Kwake jambo hilo lilikuwa kama kufunga mlango wa nyumba. Nani anamweleza mkewe kwamba mlango unafungwa?

Oktoba hiyo dada yake akafariki Liuli. Longino akadandia lori la Mbinga, akaenda kuzika, akakaa mpaka matanga yakaondolewa. Walburga akabaki na wazo moja kichwani, kwamba mume wake atarudi amechoka na amefiwa, basi akute walau mtumbwi umesafishwa. Akamchukua kaka yake, Otto, wakaenda Bwawani. Wakaukuta umezama, umejaa mawe hadi pomoni. Otto akasema hii si bure, kuna watu wana wivu. Walburga akajifunga kanga kiunoni, akaingia majini. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani, yakafika kiunoni, naye anatetemeka na kumtaja Bikira Maria, huku akitoa jiwe moja moja. Wakauvuta nje. Wakaupangusa kwa majani, wakaugeuza tumbo juu kwenye uwanda usio na kivuli ili ukauke vizuri, wakarudi nyumbani wameridhika.

Longino aliporudi, aliuona ufa kabla hajafika karibu. Ulianzia puani mwa mtumbwi ukaenda hadi katikati, mpana wa kuingiza vidole. Alikaa chini kwenye nyasi. Otto, aliyemsindikiza, akaanza kutania kama kawaida yake, kwamba Mnyasa hata mbao zake zinakunywa maji, zikikosa zinakufa. Kisha akauangalia uso wa shemeji yake, akaketi kando yake.

Kitu ambacho Longino hakumwambia Otto, wala hakumwambia mtu, ni kwamba ufa ule ulikuwa unazibika. Kipande cha bati, misumari midogo na lami iliyochemshwa, basi. Liuli alikuwa ameziba mbaya kuliko huo akiwa bado hajaota ndevu. Lakini pale kwenye nyasi aliona kitu kinamtoka mabegani, kama mzigo wa kuni unaposhushwa, na akaona aibu kwa sababu mzigo huo ulishushwa na kosa la mke wake.

Nyumbani Walburga alilia. Alisema amemuua mumewe kwa mikono yake. Longino akamwambia yaishe, ni mti tu, lakini hilo la bati hakulisema. Siku zilizofuata mama yule alitembea kama mtu aliyeiba. Sokoni hakwenda. Chakula alimpakulia mumewe kingi, chake akakiacha chunguni. Naye Longino alikula, akalala mchana, bega likapoa, na kila alipoamka alimsikia mwenzake nje anafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Ijumaa asubuhi akasikia sauti ya mwanamume uwanjani. Ilikuwa ya Athanasi, mnunuzi wa nguruwe, amekuja na baiskeli na kamba. Longino akatoka. Walburga alikuwa ameshafungua zizi, na nguruwe wake jike, mwenye mimba, aliyemlea kwa pumba na magimbi tangu akiwa mdogo, alikuwa anafungwa mguu. Otto alisimama pembeni, amevaa shati la safari. Alikuwa anakwenda ziwani na pesa hizo kumtafuta fundi wa kuchonga mtumbwi mwingine.

Longino akamwambia Athanasi aache kamba. Athanasi akasema wameshakubaliana na mama. Walburga akasema hivyo hivyo, wameshakubaliana, mzee asijisumbue, arudi ndani apumzike.

"Mama Pamela," Longino akamwambia mkewe, "mtumbwi unazibika."

"Unanionea huruma tu."

"Unazibika kwa bati. Nilijua siku ile ile. Ni mimi niliyechoka. Bega limekwisha, sitaki tena."

Otto akatazama chini, Athanasi akatazama baiskeli yake. Walburga alibaki na kamba mkononi.

"Niliingia majini mpaka hapa," akasema, akijigusa kiunoni. "Siku zote hizi umeniacha nalia, wewe unalala usingizi."

Nguruwe akarudishwa zizini, Athanasi akaondoka akinung'unika, na Walburga akaingia jikoni akafunga mlango. Jioni alimpa ugali bila kusema hata karibu. Alipozungumza alizungumza na Otto, kwa Kingoni, kwa sauti ambayo Longino aliisikia vizuri. Alisema mwanamume anayechoka na kusema amechoka, huyo anapumzishwa. Huyu alitaka apumzishwe na machozi ya mtu.

Kesho yake Jumamosi kulikuwa na harusi ya Hilda, mwalimu wa shule ya msingi, na ahadi ya mtumbwi ilikuwa imetolewa tangu Agosti. Longino alikwenda Bwawani kuomba radhi. Walburga naye alikwenda, akitembea mbele yake bila kugeuka.

Maharusi wakafika na pikapu mbili na matarumbeta. Longino akawaonyesha ufa, akaeleza. Hilda akakaribia kulia, poda ikaanza kupata mistari. Ndipo mpiga video, kijana aliyevaa kofia nyuma mbele, akauzunguka mtumbwi, akainama, akainuka, akasema maji si lazima. Akaagiza mtumbwi ugeuzwe, uwekwe kwenye nyasi karibu na matete, bwawa lionekane nyuma, na mahali penye ufa pindo la gauni lifunike.

Bibi na bwana harusi wakapandishwa, wakakaa. Longino akaambiwa ashike kafi, asimame nyuma kama siku zote.

"Sasa babu, piga kafi."

Akapiga. Kafi likapita hewani, likagusa nyasi, likarudi. Panzi wakaruka. Matarumbeta yakapigwa, wasichana wakacheka hadi wakashikana, na mpiga video akawa anapiga kelele kwamba babu ainame zaidi, aonyeshe nguvu, maji ni mazito. Longino akainama. Bega halikuuma, maana nyasi hazina uzito, lakini alijiona amechoka vilevile, uchovu wa mtu anayekwenda mbali na hasogei. Akatamani kukaa palepale miguuni pa maharusi.

Nyuma ya watu, kutoka mahali walipokaa akina mama wa vigelegele, ikatoka sauti aliyokuwa hajaisikia ikimwelekea tangu jana.

"Vuta, Mnyasa! Bibi harusi wa watu atachelewa kufika."

Watu wakaangua kicheko. Longino hakugeuka kumtazama. Alishika kafi vizuri zaidi, akavuta.