Silikoni Haijashika, Basi Halitoki

Saa tatu na nusu asubuhi. Kiti cha mbele cha basi dogo kimeinuliwa, injini iko wazi, na Mama Spana amezama humo mpaka mabegani. Mlangoni mwa gereji yake, wasichana waliovaa jezi za njano wanaimba na kugonga ubavu wa basi. Leo wana fainali! Wasipofika uwanjani kabla ya saa saba, kombe linakwenda kwa wenzao bila mpira kupigwa. Na safari yenyewe ni ya muda wa saa mbili.

Kipa wao ni binti yake Mama Spana.

"Jamani, acheni kugonga! Mnaniangushia uchafu kwenye injini!" anafoka.

Wanacheka, wanaacha kugonga, lakini nyimbo zinaendelea.

Jana oili ilivuja kwenye kifuniko cha juu cha injini, ikadondokea ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto, basi zima likajaa moshi. Fundi mmoja wa njiani akapaka silikoni, ile gundi ya kuzuia oili, ukingo mzima, akapokea chake akaenda zake. Leo asubuhi oili imevuja tena.

Mama Spana anaibandua gundi hiyo kwa vidole, kipande kwa kipande. "Ona alivyoimwaga! Huyu alikuwa anapamba keki, hakuwa anatengeneza gari. Hii ikikatikia ndani inaziba njia ya oili, injini inakufa. Watoto wangelala porini hawa."

Ana miaka arobaini na mitatu. Alianza kazi hii kwa kuosha vyuma vya mafundi wengine, kidogo kidogo akashika spana, na sasa gereji ni yake. Jumamosi peke yake humletea karibu nusu ya pato la wiki. Mechi nazo huchezwa Jumamosi, ndiyo maana hajawahi kumwona binti yake akidaka hata mpira mmoja.

"Huwa nasimuliwa tu," anamwambia mwandishi wa makala haya, na hapo sauti inampungua kidogo. "Inaniuma, nisikufiche."

Anafuta ukingo kwa kitambaa na petroli mpaka chuma kinang'aa, anaacha ukauke. Gasketi mpya, ule mpira wa kuziba ukingo, anaipachika kavu. Silikoni anaitia kwenye pembe tu, pale vipande viwili vya chuma vinapokutana na mpira haufiki vizuri: tone dogo kama harage, basi. Anarudisha kifuniko, anakaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kila moja kidogo, kisha anazirudia.

Saa nne kasoro, anaweka spana chini. "Tayari. Sasa tunasubiri saa nzima ishike."

Lo! Gereji inalipuka kwa kelele.

"Fundi, saa nzima? Unatuua!" kocha anashika kichwa.

"Mama, si uwashe tu? Itakaukia njiani," binti anasihi.

"Njiani wapi? Oili ikiikuta mbichi, imeisha hiyo. Kaa chini."

"Mama, ni fainali!"

"Ndiyo maana nimesema bado."

Binti ananuna. Kocha anazunguka basi mara nyingi kuliko wachezaji wake wanavyozunguka uwanja. Hata mwandishi wa makala haya, aliyefuata habari za gereji tu, anajikuta akiangalia saa kila mara.

Saa tano kasoro. Mama Spana anaamuru dereva awashe. Injini inanguruma. Anapitisha tochi ukingoni, pole pole, pembe kwa pembe, kisha kidole chake mwenyewe. Wasichana wanasogea karibu.

Anainua kidole juu. "Kavu!"

Vigelegele! Wasichana wanarukaruka, dereva anakumbatiana na kocha, na binti anamrukia mama yake bila kujali grisi inayoichafua jezi. Kocha anafungua mlango. "Fundi, nafasi ipo. Panda."

Anaitazama gereji yake. Mteja mmoja ameshaegesha gari, mwingine anapiga honi. Anavuta geti, anatia kufuli.

"Msimu ujao kila Jumamosi yenye mechi nitafunga," anasema akipanda na ovaroli lake. "Wateja watanuna. Wacha wanune, Jumatatu watarudi."

"Mama, usinipigie kelele uwanjani, utaniaibisha," binti anamwambia, meno yote nje.

"Nitapiga!" anajibu, machozi yakimlengalenga. "Nina kelele za miaka yote hiyo, nizipeleke wapi?"