Kelele za Bwana Mifugo

Silas Ngeleja alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi pale babake aliporudi nyumbani Pangani, Kibaha, akiwa na redio kaseti na mfuko wa kanda. Mzee Ngeleja alikuwa ametoka Magu, Usukumani, kutafuta kazi, akaipata kwa mzungu mmoja wa mradi wa maji, kumtunzia bustani. Mkataba wa mzungu ulipokwisha aligawa vitu vyake. Kitanda alipewa mpishi, baiskeli ikaenda kwa mlinzi, redio ikawa ya mtunza bustani. Kanda zilikuja na redio tu, hakuna aliyeziomba.

Kanda ya kwanza Silas alidhani imeharibika. Magitaa yalinguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta, ngoma zilikwenda mbio kama zinafukuzwa, na mtu fulani alipiga ukelele mpaka mama yake Silas akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia azime. Akazima. Kesho yake wazazi walipokwenda shamba akaiweka tena. Safari hii alisikia kwamba chini ya kelele kulikuwa na wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa wa huzuni. Hakujua Kiingereza. Alijua tu kwamba yule mtu hasemi uongo.

Basi akawa mtu wa metali, kama muziki ule unavyoitwa. Wenzake shuleni walipenda rumba, baadaye wakahamia bongo fleva. Yeye alibaki palepale. Chuo cha mifugo walimwita Chuma. Kwenye mitumba alikuwa akichambua fulana nyeusi zenye mafuvu, na wauzaji walimpunguzia bei kwa furaha, maana hakuna mwingine aliyezitaka. Katika maisha yake yote hakupata kukutana na mtu wa pili Kibaha nzima anayeupenda muziki ule, na kwa muda mrefu hilo halikumsumbua.

Alipoajiriwa kuwa bwana mifugo alipangiwa Kisarawe, upande wa Marui, ambako wafugaji Wasukuma walikuwa wamehamia na ng'ombe wao. Kwa kuwa alijua lugha yao, walimpokea. Wiki nzima alizunguka na pikipiki akichanja na kutibu, visikizio vikiwa masikioni chini ya kofia ngumu, na kila Ijumaa alirudi kwake Pangani. Siku moja mfugaji mmoja wa makamo, Ndaki, alimuuliza anasikiliza nini siku zote. Silas akamchomekea kisikizio kimoja. Ndaki akasikiliza kwa makini, fimbo begani.

"Huyu," alisema hatimaye, "ng'ombe wake wamekufa wote."

Silas alicheka mpaka akakaa chini. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akisimulia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuueleza muziki ule vizuri zaidi.

Mkewe, Modesta, alikuwa mwalimu, Mhaya wa Bukoba aliyelelewa na masista. Muziki ule hakuupenda hata siku moja, lakini aliuzoea. "Kuna wanaume wanalewa," aliwaambia walimu wenzake. "Wangu anasikiliza kelele."

Mwaka 2006 wakapata binti, Kabula. Kabla hajaanza kutembea vizuri, mikono na miguu yake ikavimba. Vipimo vikasema seli mundu. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ugonjwa ule mtoto huupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba hakuna aliyekosea. Walirudi nyumbani kila mmoja akiwa amebeba nusu yake. Hawakupata mtoto mwingine, na hawakuthubutu kumtafuta.

Maumivu ya Kabula yalikuwa ya mifupa. Yalikuja bila kubisha hodi, wakati mwingine baada ya baridi kidogo, wakati mwingine baada ya kucheza. Alipokuwa darasa la pili alilazwa katika wodi iliyojaa watoto wadogo kuliko yeye, akaona aibu kulia mbele yao. Alilala ametoa macho, meno yamebana. Silas hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Akatoa visikizio, akamvalisha, akamwekea muziki kwa sauti ya chini. Mtoto akafumba macho. Polepole taya zake zikalegea.

Baadaye, dawa zilipoanza kufanya kazi, Kabula alisema, "Baba, huyu mtu anapiga kelele kwa ajili yangu. Kwa hiyo mimi naweza kunyamaza."

Tangu hapo muziki haukuwa wa Silas peke yake. Jumamosi walifungulia spika kubwa sebuleni wakatikisa vichwa, na Kabula alipochoka baba alimsogezea kiti naye akaendelea kutikisa akiwa amekaa. Wimbo alioupenda kuliko yote ulianza na gitaa moja, taratibu, kama matone ya mwisho ya mvua kwenye bati, kabla ya vingine vyote kuangukia. Alipofika sekondari Kiingereza chake kilimpita baba. Ndipo Silas alipogundua kwamba nusu ya maisha yake alikuwa akiimba maneno yasiyokuwepo.

"Baba, hapo hamwiti shetani," Kabula alimwambia akicheka. "Anamwita mama yake."

"Una hakika?"

"Sikiliza. Mama, mama, niwashie taa."

Silas akasikiliza. Kweli alikuwa akimwita mama yake.

Kabula alipoingia kidato cha tatu maumivu yakaanza kufuatana. Alikuwa anatoka hospitali leo, kabla vidonda vya sindano havijapona anarudi. Modesta akakonda pamoja naye. Alikuwa akifundisha huku amekaa, na siku nyingine alisahau alichokuwa akiandika ubaoni. Mwalimu mwenzake, Recho, akampeleka kwenye kanisa dogo la maombezi huko Kongowe, lililoongozwa na kijana mmoja nadhifu aliyeitwa Mtumishi Brighton. Wiki iliyofuata Mtumishi akaja Pangani kuiombea nyumba.

Hakupita sebuleni. Alisimama mlangoni akitazama mabango ukutani, mafuvu, moto, farasi waliokufa. Akauliza haya ni ya nani. Silas akasema ni yake.

"Na binti anasikiliza?"

"Anasikiliza. Yanamsaidia maumivu."

"Baba Kabula," Mtumishi alisema, bila ukali wowote, "mtu hawezi kumwalika mwizi mezani halafu akashangaa vitu vinaibwa."

Silas alikataa. Alikataa siku ile na alikataa mwezi mzima. Alisoma chuo, alijua ugonjwa unatoka wapi. Ndama aliyezaliwa na kasoro hakulogwa na redio. Modesta hakubishana naye. Lakini siku moja mchana, wakichambua mchele uani, alimwambia, "Mimi sijui kama ni kweli. Lakini kama ni kweli, je? Akifa, halafu tukawa hatukujaribu, wewe utaishije?"

Silas aliutazama mchele. Jioni akaanza kubandua mabango ukutani.

Walichoma vitu Jumamosi, nyuma ya nyumba, Mtumishi akiomba na Recho akiitikia. Fulana zilishika moto haraka. Sahani za sidii zilijikunja na kutoa moshi mweusi wenye harufu kali, na kanda za Mzee Ngeleja, aliyekwisha kufariki, ziliyeyuka zikagandana kuwa bonge moja. Mtumishi alichukua simu ya Silas, akachukua na ya Kabula, akafuta nyimbo moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Dawa za hospitali hakuzikataza. Alisema Mungu anatumia hata madaktari.

Kabula alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amejifunika khanga ya mama yake.

"Baba, wewe unaamini?"

"Nataka upone."

"Sijauliza hivyo."

Silas akachukua kijiti akauchochea moto ili usizimike.

Baada ya hapo Kabula alikaa vizuri. Masika yote yalipita, mvua na ubaridi wake, na hakulazwa. Alinenepa kidogo. Alirudi shuleni, akafanya mitihani. Modesta akaanza kucheka tena, na Silas akawa anapita kwenye njia za Marui bila chochote masikioni, akisikia pikipiki yake na ndege tu, akijiambia kwamba bei ni ndogo. Alisimama kanisani Kongowe mbele ya watu akatoa ushuhuda. Alisema alikuwa kipofu na sasa anaona. Watu walipiga vigelegele. Kabula, aliyekaa safu ya mbele, aliangalia viatu vyake.

Ugonjwa ulirudi Agosti, na haukurudi kwenye mifupa tu. Ulimshika kifuani. Wodini walimpa hewa, wakamwongezea damu, manesi wakamhangaikia kwa kila walichokuwa nacho. Silas alitoka Marui moja kwa moja, buti zikiwa na kinyesi cha ng'ombe, akamkuta amekaa nusu wima, anavuta pumzi fupifupi. Modesta alikuwa upande wa miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Niwekee ule wimbo."

Silas alielewa wimbo gani. Simu ilikuwa mfukoni, na bando lilikuwepo; ni kitendo cha kuandika jina na kubonyeza. Alimtazama mkewe. Modesta aliinamisha uso.

"Tulishaahidi, Kabula," Silas alisema. "Umekaa vizuri muda wote huu. Tusiharibu."

"Mimi sikuahidi."

"Vumilia kidogo. Ukitoka hapa tutazungumza."

Hakubisha. Alichukua pindo la khanga akaliweka mdomoni, akaliuma. Silas alimshika mkono, na kila maumivu yalipopanda aliyasikia kwenye vidole vyake. Wodi ilikuwa kimya. Mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa akila chungwa.

Kesho yake mchana, Modesta akiwa ametoka kununua maji, Kabula alifariki.

Walimzika Pangani. Mtumishi Brighton alikuja, akaongoza ibada vizuri, akasema mbegu imerudi kwa mwenye shamba. Watu walipokwisha kutawanyika alimvuta Silas pembeni, akamuuliza kwa sauti ya huruma kama kuna kitu chochote kilichobaki ndani ya nyumba siku ile, ambacho hawakukichoma.

"Hapana," Silas alisema. "Nilitoa vyote."

Modesta alikuwa amesikia. Aliweka chini sinia la vikombe alilokuwa amebeba, akaingia ndani, akafunga mlango. Kanisa la Kongowe hakulikanyaga tena, na Recho alipokuja kumsalimia alimpokea, akampa chai, na hakumwambia neno.

Arobaini ilipopita Silas alirudi kazini. Njiani kuelekea Marui alisimamisha pikipiki chini ya mikorosho, akatoa simu, akavaa visikizio vipya. Aliuandika ule wimbo, akaubonyeza. Gitaa likaanza. Kisha vingine vikaangukia, na Silas akasikia kelele. Hazikuwa na kitu chini yake. Akajaribu mwingine, akajaribu wa kwanza kabisa, ule wa redio ya babake. Ilikuwa mashine ya kusaga iliyokosa mafuta, na mtu anayepayuka kwa lugha ya watu. Kumbe hiki ndicho walichokuwa wakikisikia wengine wote siku zote. Alikaa pale mpaka simu ikazimika yenyewe.

Alijaribu tena mara nyingi, mwaka ule na uliofuata. Aliongeza sauti mpaka masikio yakauma. Ndaki, aliyekuwa amezeeka sasa, alimkuta siku moja akiwa ameketi kwenye ukingo wa josho la kuogeshea ng'ombe, visikizio vimening'inia shingoni.

"Bwana mifugo, yule mtu wako bado analia?"

"Bado analia, mzee."

"Na wewe?"

Silas akasema kwamba kuna ng'ombe watatu hawajaoga, akainuka.

Alipanga chumba cha kudumu Marui, akaacha kurudi Pangani kila Ijumaa. Hakuwa amegombana na Modesta. Wakiwa pamoja walizungumza vizuri, juu ya shule, juu ya bei ya chanjo, juu ya ukuta wa nyuma unaopasuka. Jina la mtoto halikutajwa, na kwa kuwa halikutajwa lilijaa kila chumba.

Mwaka jana, Jumapili moja ya Desemba, Modesta alimfuata uani akiwa na simu yake mkononi.

"Ule aliokuwa anaupenda," alisema. "Unaitwaje?"

Silas alimwandikia. Modesta akaketi kwenye mkeka, akavaa visikizio, akanyoosha miguu kama mtu anayesukwa nywele. Aliusikiliza wote, uso haujabadilika. Ulipokwisha akaurudia. Mara ya tatu midomo yake ilianza kufuata maneno.

"Anamwita mama yake," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Kabula aliniambia."

Modesta akausimamisha wimbo. Kuku walipita kati yao. "Tulikuwa wote wawili pale kitandani," alisema. "Mimi ningeinua kichwa tu, ungemwekea. Niliona unaningoja." Kisha akavua kisikizio kimoja, akakipangusa kwa khanga, akamnyooshea. "Kaa hapa. Usikilize na mimi."

Silas alikitazama kile kidude kwenye kiganja cha mkewe. Alitaka kumweleza kwamba kwake hakuna kitu mle ndani, kwamba alikwenda na kurudi mara nyingi akakuta patupu. Lakini Modesta alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusikia, na hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Ngoja nikachote maji kwanza," alisema.

Alibeba ndoo mbili akatoka. Mapipa yote pale uani yalikuwa yamejaa, na Modesta aliyaona, lakini hakumwita.