Kumsitiri Mama Maria

Nikinusa udi, hata iwe ndani ya lifti, narudi moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Mama, Mtaita wa Kenya, alifanya kazi hotelini. Bi Zuhura wa Unguja, tuliyekuwa tukiishi naye, ndiye aliyenilisha, akanisuka na kunigombeza Mama akiwa zamu. Kwenye kona ya sebule Mama alitundika picha ya Mama Maria, na nyuma yake akachomeka kitawi cha mtende cha Jumapili ya Matawi, ambayo sisi wa Doha tuliisali Ijumaa, siku ya mapumziko, kanisani kule Mesaimeer. Chini palikuwa na rozari na maua ya plastiki niliyoyaosha kwa sabuni ya vyombo. Nilikipenda kile kikona, jamani!

Balaa ni kwamba ukuta ule ndio uliokuwa upande wa kibla, na Bi Zuhura hangeweza kuswali akiielekea picha. Alivumilia, akawa anaswali amejibana jikoni kando ya jiko. Kisha siku moja Mama akarudi kutoka kazini akakuta picha imefunikwa kanga.

"Zuhura! Umemfunika Mama wa Mungu kama sufuria ya wali?"

Bi Zuhura akawaka. Kama ni hivyo, atahama! Akaanza kukunja nguo zake, nami nikamng'ang'ania miguuni nikilia, maana bila yeye ningebaki na nani? Akaniinua, akamgeukia Mama.

"Sufuria ndiyo hufunikwa, Mama Mghoi. Huyu ni Bi Mariamu. Mimi nimemsitiri, tena kwa kanga mpya ambayo mwenyewe sijaivaa."

Mama akaigusa ile kanga, akaenda kupika chai ya watu wote.

Tangu hapo kazi ikawa yangu: adhana ikilia naishusha kanga, Bi Zuhura akitoa salamu naipandisha. Siku moja nilisahau kuipandisha, Mama akasali rozari nzima mbele ya kitambaa. "Leo umeiombea kanga yangu, shoga!" Bi Zuhura akamtania. Walicheka hadi wakakaa chini.

Mama amerudi Taita, Bi Zuhura yuko Unguja, na picha na kanga wameniachia mimi. Sasa nina nyumba peke yangu, kuta zote zangu, hakuna wa kugombana naye. Adhana ya alasiri ikilia bado nainuka, naishusha kanga, kisha nakaa nikisubiri mtu amalize kuswali.