Mke wa Kashaulili Aliyeletwa na Kwikwi

Katika masomo ya jioni, niliyomaliza nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, tulifundishwa kwamba kwikwi ni kiwambo cha chini ya mapafu kushtuka bila kuambiwa. Hatukufundishwa mtu afanyeje kikimshtukia ukweni.

Nilikuwa nimetoka mjini na shangazi yangu kwenda Ugalla kuomba mke. Baba wa binti, mfuga nyuki asiyecheka hata akitekenywa, alitukaribisha ugali na samaki aina ya migebuka. Kwa woga nikabugia tonge la moto, nikalimeza zima zima. Hik! Haikuwa kwikwi ya kawaida ile. Kuku walikimbia, bati likalia, nadhani hata viboko huko mtoni waliinua vichwa. Nikanywa maji kopo zima. Nikabana pumzi mpaka macho yakataka kutoka yakajitegemee. Wapi!

Mzee akauliza lile swali: "Kijana, binti yangu unamtaka kweli?"

"Ndi... hik!"

"Sijasikia."

"Nam... hik!"

Akamgeukia mkewe. "Huyu anakubali au anakataa?"

Sasa, kwetu mwenye kwikwi hushtuliwa kwa kusingiziwa jambo. Ukiambiwa umeiba kuku, inakata hapo hapo. Lakini shangazi hana dozi ndogo. Aliruka kutoka kwenye mkeka akanipigia kelele sikioni: "Na yule mke wako wa Kashaulili umemwacha na nani?"

Kwikwi ikakata. Na maongezi yakakata.

"Mke gani?" mzee akauliza taratibu.

"Hakuna mke, kaka yangu," shangazi akasema. "Ni dawa tu ya kwikwi."

"Mke wa uongo ana mpaka kata anayokaa?"

Binti alikuwa mlangoni na jagi la maji. Hakunitazama. Niliiona ndoa yangu ikifunga mizigo.

"Nyie watu wa mjini," mzee akasema, akasukumia tonge mdomoni kwa hasira, "mna... hik!"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mnatu... hik!"

Binti akaweka jagi chini, akapiga ukunga: "Baba! Nyuki wamehama mizinga yote!"

Mzee alitoka mbio peku, tonge jingine mkononi, akapotelea kwenye miti. Tukakaa. Shangazi alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake mzee aliporudi akihema. Akasimama mlangoni, akafungua mdomo, akasubiri.

"Imekata," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

"Na nyuki?" mkewe akauliza.

"Wapo."

"Basi, baba," binti akasema, "kama nyuki hawajahama, na huyo mke hayupo."

Mzee alinitazama mpaka nikahisi kwikwi inarudi.

"Haya, jibu sasa, upesi."

"Ndiyo!" Ilikuwa ndiyo iliyosikika Ugalla nzima.

Tumeoana. Siku nikichelewa kurudi nyumbani, mke wangu huuliza kama yule wa Kashaulili hajambo. Huwa namjibu kwamba anamsalimia sana.