Kijiji Kilichonyima Salamu

Tajiri wangu alikuwa na duka la steshenari katikati ya mji wa Mwanza, na miaka ile kila mwenye duka alipokuwa anaanzisha biashara ya pili ubavuni, yeye alianzisha ofisi ya kupiga chapa. Akaagiza kompyuta iliyotumika. Ikatoka Dubai, ikapitia Dar es Salaam, ikatufikia imeviringishwa shuka. Ndani yake mlikuwa na mchezo. Hakuna aliyeuagiza, hakuna aliyejua mashine ile ilikuwa ya nani kabla yetu, na tajiri, ambaye alishasikia habari za virusi redioni, aliniamuru nisiuguse.

"Ukiugusa unaenea," aliniambia. "Utaingia kwenye barua za wateja."

Sikumwamini. Mimi simwamini mtu kwa neno lake la kwanza; mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Tajiri mwenyewe hakuwa ameufungua mchezo ule, sasa alijuaje? Ijumaa mchana, alipoteremsha mlango wa chuma nusu na kwenda msikitini, nikaufungua.

Ulikuwa mchezo wa kiza, wa watu wazima. Mtu mmoja aliyechoka, mwenye upanga mgongoni, anatembea kijiji hadi kijiji katika nchi ya matope na tauni. Mvua haikatiki. Njiani vichwa vya watu vimechomekwa kwenye miti, na kwenye vilabu vya pombe mlikuwa na mambo yaliyonifanya nigeuze kioo upande wa ukuta mtu akipita dirishani. Yule mwenye upanga unamwongoza wewe. Unamsogelea mwanakijiji, unambonyeza, anakusalimu, maneno ya Kiingereza yanajitokeza chini, kisha anakupa kazi: ua hiki, leta kile. Nilisoma nikiwa na kamusi ya shule mapajani. Damu niliizoea upesi. Kilichonikalisha pale ni kwamba kila mtu mle ndani alikuwa anaficha jambo, na ilikuwa juu yangu kulifumbua. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Alikuja kwetu Mabatini akitokea kijijini, mbali kidogo ukishashuka Kisesa, na mimi nilielezwa kwamba kaja kutibiwa macho. Ni kweli macho yake yalikuwa mekundu. Kwao kuni zilikwisha zamani, wanapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi ule ukiukalia miaka yote hiyo lazima ukuachie alama. Lakini hospitali alikwenda mara moja tu, akapewa dawa ya matone, na miezi ikapita. Tena mama hakutaka abaki nyumbani peke yake. Baba yangu alishafariki, mama alikuwa na meza ya vitenge sokoni, basi kila asubuhi amri ilikuwa ile ile: nenda na bibi yako. Mtu mzima, akili timamu, anayeweza kujifungia mlango, kwa nini asiachwe? Niliuliza, nikaambiwa nisiwapotezee watu asubuhi yao.

Tajiri hakuwa na neno. Alikuwa na mama yake mzee ghorofani, kwa hiyo wazee aliwajua. Alichodai ni kwamba bibi avue ndala mlangoni kama sisi sote, kwa kuwa vumbi, tuliambiwa, huua kompyuta.

Ijumaa hiyo mtu wangu aliingia kijiji kimoja kando ya kinamasi. Mkuu wa kijiji, mnene, kofia ya manyoya, alimpa mkate, akacheka naye, kisha akamwambia kuna kikongwe kule ukingoni anayewaua watoto kwa uchawi. Akimmaliza atapewa dhahabu. Nilimtafsiria bibi kwa Kisukuma changu cha mjini ambacho humchekesha. Mara hii hakucheka.

"Hao watoto wamezikwa wapi?" aliuliza.

Nikamzungusha mtu wangu kijiji kizima. Hapakuwa na kaburi hata moja la mtoto.

"Na nyumba ya huyo mzee?"

Tukaiona. Ilikuwa jirani na kisima, na maji mengine yote ya kijiji kile yalikuwa tope tupu.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo anavyoniita akitaka kunitania, ila sauti haikuwa ya utani. "Muulize huyo mnene anachota wapi."

Mchezo haukuwa na swali hilo. Nikamwingiza mtu wangu kibandani. Kikongwe alikuwa ameketi kwenye moto, na waliomchora walimtia macho mekundu. Niliona aibu kama vile nimemchora mimi. Maneno yalijitokeza: umuue, umuulize, au uondoke. Nikamuuliza. Akasema hajamgusa mtoto wa mtu. Nikaondoka, upanga haujatoka alani.

Ijumaa iliyofuata kijiji kilikuwa kimebadilika. Nilimbonyeza muuza mikate, yule aliyekuwa hodari wa salamu, akageukia ukuta. Nikamwendea mhunzi, naye hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa njiani waliingia ndani na milango ikafungwa. Nilidhani nimeharibu kitu, kisha nikamshuku tajiri kwamba ameingiza mkono wake kukomesha mchezo. Nikaizima mashine, nikaiwasha. Watu wakanigeuzia migongo vile vile.

Bibi aliinama mpaka nikasikia pumzi yake begani.

"Hujaharibu kitu," alisema. "Wamemtenga."

Nikamuuliza yeye amejuaje. Alizikandamiza karatasi mezani zisichukuliwe na upepo wa ziwa, halafu akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutamkwa. Kule kijijini ndama wa mtu alikufa, kisha mtoto wa ukoo mwingine akaugua akafa. Watu wakatazamana, wakayakumbuka macho yake. Wazee wakaita mkutano, likapigwa baragumu, ikatangazwa: huyu asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe chumvi, asichote maji na wenzake. Atakayevunja, naye atatengwa. Watoto waliokuwa wakimwita bibi walifundishwa kumkimbia.

"Chumvi unaikosa unazoea," aliniambia. "Salamu sikuizoea. Nilifika mahali nasalimia mbuzi."

Kati ya majirani mmoja tu hakumtupa, yule wa ng'ambo ya uzio wa minyaa, mwanamke wa rika lake. Huyo akipita asubuhi kwenda kisimani alikohoa. Hakusimama wala hakugeuza shingo, alikohoa tu, na bibi akiwa ndani anakohoa pia. Kukohoa hakukuwa kumekatazwa.

"Tulikohoana mpaka pamba ikavunwa," alisema, na hapo akacheka kidogo, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamuuliza mama kwa nini nimefichwa. Aliendelea kuchagua mchele.

"Ungejua ungesema," alinijibu. "Mabatini hii imejaa watu wa kule kule. Unajua aliyepanga chumba cha mbele pale kwao ni wapi?"

Sikujua. Na kuanzia jioni ile sikupata raha. Muuza mkaa akiuliza macho ya bibi yanaendeleaje, nilijiuliza anauliza kwa niaba ya nani. Mwanamke akisimama njiani kufunga kanga yake karibu na mlango wetu, nilisimama naye mpaka aondoke. Nilishuku hata wanakwaya waliokuja kumwombea.

Ijumaa ya tatu, katika kijiji kizima cha mchezo, mtu mmoja tu alikubali kusema nami: yule mkuu mnene. Alisema, mtoe kikongwe kibandani kwake, umlete hapa uwanjani, na milango yote itakufungukia. Hakusema watamfanya nini wakishampata. Bibi akataka nimtafsirie. Nilijaribu kupunguza, akaniambia niseme yote, nikasema yote.

"Usimjibu," alisema, akainuka kuzitafuta ndala zake.

Jumapili, tumetoka kanisani, tukamkuta baba mdogo mlangoni. Ni mdogo wake baba, mtoto wa mwisho wa bibi, ndiye aliyebaki kule kijijini. Kaja na kuku na mfuko wa michembe, viazi vilivyokatwa vikakaushwa. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, akamwamkia mama yake, akamwamkia shemeji yake, akauliza hali yangu, akaiuliza tena. Alikuwa amekonda, na alicheka mno. Mtu anayecheka mno mimi huanza kutazama mikono yake. Mikono yake haikutulia.

"Mambo yamekwisha," alitwambia alipokwisha kunywa chai. "Wazee wamekaa, wamesamehe. Nimekuja kumchukua mama. Mvua zisimkute huku mjini."

Nilimtazama bibi. Alikuwa anataka kuamini. Aliuliza shamba la bondeni limelimwa, akauliza ng'ombe wake mweusi kama amezaa, na kila alipojibiwa uso wake ulizidi kufunguka. Mimi nikawaza ardhi. Viwanja vya kuelekea Kisesa vilikuwa vimeanza kutafutwa na wenye magari, na mzee akiwa hayupo, au akirudi yakampata ya kumpata, nani angebaki na shamba?

"Wazee gani hao waliosamehe, baba mdogo?" nikauliza. Mama akanifinya. Bibi akainua mkono tukanyamaza.

"Jirani yangu hajambo?" aliuliza taratibu. "Kifua chake kimepona?"

Baba mdogo alishusha pumzi, amefurahi kuulizwa swali jepesi.

"Yule? Kifua kibaya kweli, mama. Juzi kapita pale minyaani nafagia uwanja, namwamkia, wala hakuitikia. Anakohoa tu, anakohoa, mpaka akapotelea kisimani. Nadhani ndicho kitakachomuua."

Mama akasema maskini, pole yake, kwani hakuijua habari ile. Mimi niliijua. Niliona uso wa bibi ukijifunga tena pole pole, na nikajua kwamba ameelewa si jambo moja bali mawili.

"Chumvi unanunua wapi siku hizi?" aliuliza.

"Mama, chumvi..."

"Wapi?"

"Huku mjini," alisema baba mdogo, akaweka kikombe chini.

Ikatoka yote. Yeye ndiye aliyemtorosha mama yake, na walipogundua wakamtenga yeye. Tangu hapo hajaazimwa jembe, hajaalikwa msibani, mke wake kachukua watoto karudi kwao. Wazee walimwita wakamwambia, mrudishe, tutakufungulia.

"Walisema watanifanya nini?" bibi aliuliza.

"Hawakusema."

"Na wewe hukuuliza."

Baba mdogo alitazama sakafu. "Sikuuliza," alisema.

Mama alisimama, akamwonyesha mlango, akamtolea maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma, vyote viwili, na sikujua nianze na kipi. Mpaka leo najiuliza kama angesema endapo asingeulizwa habari za chumvi. Nadhani asingesema. Nadhani angemshika mama yake mkono vizuri, akampandisha gari.

"Kaa," bibi alimwambia mwanawe. Akamwambia mama naye aketi. "Mimi sirudi. Na wewe usikae kule, utaharibika. Uza ng'ombe, uje."

"Na nyumba, mama? Na kaburi la baba?"

"Acha."

Aligeuza kigoda akakaa akitazama ukuta mpaka chakula kikaiva, na hakula. Kila alichokuwa anakiulizia muda mfupi uliopita, shamba la bondeni na ng'ombe mweusi, alikuwa amekiacha pale pale mbele yetu. Mchezo wa ofisini sikuugusa tena. Mtu wangu nilimwacha amesimama njiani, milango imefungwa, na baadaye tajiri akaleta fundi akaufuta.

Baba mdogo alilala kwetu, kwa sababu bibi alitaka hivyo. Asubuhi mama aliamka na neno moja, kwamba apande gari la kwanza la Kisesa, akauze hivyo vya kuuza. Tukamsindikiza sote barabarani, bibi amejifunika kanga kichwani, mimi nyuma nikitazama nani anatutazama.

Hatukufika mbali. Baba mdogo alisimama kwa mama wa vitumbua.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri, za kwako?" mama wa vitumbua alimjibu, macho kwenye kikaango.

Akamsalimu muuza mkaa, akaitikiwa. Wasichana wa shule wakapita wakamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kila mmoja na marahaba yake. Akawasalimu mafundi baiskeli, akamsalimu mtu aliyekuwa anapiga mswaki mlangoni, na yule mtu akatema povu kwanza ndipo akamjibu. Watu hawakumjua. Walimwitikia huku wakiendelea na shughuli zao, na yeye baada ya kila jibu alisimama kidogo kabla ya kumgeukia mwingine. Kule mbele gari lilipiga honi.

"Shemeji, linaondoka hilo," mama alisema, akataka kumvuta.

Bibi akamshika mama mkono. "Mwache asalimie," alisema.

Gari likaondoka, tukasubiri jingine.